Mguu Usiopiga Kelele: Mazungumzo juu ya Mtoto Anayependa Kupanda

   Mimi ni muuguzi wenu wa jamii, yule mnayemwona hapa Kiamunyi akipita na mkoba wake kutoka boma moja hadi jingine. Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya kuhara. Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto anayepanda.

Unamjua. Ni yule ambaye ukimtuma maji, ndoo inarudi peke yake na yeye yuko juu ya mti. Ukuta hampiti, geti hampiti. Mimi ninaye mmoja, kifungua mimba wangu. Alipokuwa na miaka 12 alianguka kutoka kwenye mparachichi wa jirani, na kama unavyojua, tawi la mparachichi linavunjika bila kukupa onyo. Mkono wa kushoto ulivunjika mifupa yote miwili chini ya kiwiko. Mimi wakati huo nilikuwa kliniki napima uzito wa watoto wa wenzangu.

Alikaa na plasta wiki sita. Nilimkataza kupanda kitu chochote kilicho juu kuliko kitanda chake. Akaitikia vizuri sana, "Ndiyo, mama." Miezi miwili baadaye mama mmoja akaniita kando sokoni akaniambia amemwona kijana wangu na wenzake kwenye machimbo ya mawe, wakipanda ukuta ulio mrefu kuliko nyumba, chini yake mawe yaliyokatwa na dimbwi la maji ya mvua. Siku hiyo niligundua kwamba katazo langu lilikuwa limebadilisha jambo moja tu: sasa alikuwa anapanda mahali ambapo sikuweza kumwona.

Mama, sisemi umruhusu mtoto afanye atakalo. Machimbo ni marufuku nyumbani kwangu hadi leo. Lakini mtoto wa namna hii utamfanyaje? Miguu yake itapanda tu. Basi niliamua afundishwe na watu wanaojua.

Mwenzangu kazini aliniambia juu ya Hell's Gate, ile mbuga ya wanyama iliyo karibu na Naivasha. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1984. Ukiingia kwa lango la Elsa, baada ya mwendo mfupi utaona mwamba umesimama peke yake kama kidole, urefu wake kama mita 25. Unaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizo mwaka 1883. Chini yake pimbi wamejaa, wanapanda na kushuka kana kwamba jiwe limelala. Hapo ndipo wapo waongozaji wenye kamba, mishipi ya kujifunga kiunoni na viatu vya mpira laini, wanaowafundisha watu kukwea. Nilimpeleka likizo ya Agosti, akiwa na miaka 13.

Kijana alifungwa kamba, iliyopitishwa juu ya mwamba na kushikwa na mwongozaji chini, akaanza. Alikwea kama anavyopanda mti. Alijivuta kwa mikono, miguu ikiparua jiwe ikitafuta pa kukaa, krr, krr, krr. Kufika kama mita nne mikono ilianza kutetemeka. Vidole vilikuwa vimeshika jiwe kwa nguvu hata akashindwa kuvifungua. Akateremshwa.

Nilidhani atapumzika kisha ajaribu tena. Yule mwongozaji, kijana mpole sana, alimpeleka kwenye jiwe kubwa lililokuwa chini tu, akamwambia akanyage. "Weka ncha ya kiatu. Itazame mpaka itulie. Usiiondoe tena. Sasa mguu wa pili." Kwa saa nzima kijana wangu hakupita juu ya kiuno changu. Alienda upande wa kulia, akarudi upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta sindano. Nitakuambia kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimelipa pesa za kupanda mnara na mtoto anafundishwa kukanyaga!

Nikamwuliza, "Kijana, hii ndiyo kazi?" Akanijibu, "Mama, akiogopa huko juu, hatakumbuka niliyomwambia. Atafanya kile mwili umezoea."

Nilinyamaza, kwa sababu hilo nilikuwa nalijua kwa njia nyingine. Nilipokuwa nasomea uuguzi tulifundishwa kudunga sindano kwa kutumia machungwa. Siku ya kwanza nilikuwa nafikiria kila kitu: kidole gumba kikae wapi, sindano iinamishwe namna gani, nivute kwanza au nisukume. Chungwa langu lilivuja. Baada ya machungwa mengi, na baada ya wagonjwa wengi, mkono ulijua wenyewe. Leo naweza kumdunga mtoto huku nikimwuliza mama yake habari za nyumbani.

Na wewe unalijua pia. Kumbuka chapati yako ya kwanza, ile iliyokuwa na umbo la ramani ya Kenya. Ulifikiria unga, ukafikiria mpini, ukafikiria moto. Sasa unasukuma chapati huku ukimkemea mtoto na kusikiliza redio, nayo inatoka mviringo. Wataalamu wawili wa Marekani, Fitts na Posner, mwaka 1967 walieleza kwamba mtu anayejifunza kazi ya mwili hupita hatua tatu. Kwanza anafanya kwa kufikiri kila kitu, na anachoka upesi. Kisha makosa yanapungua na mwendo unaanza kuungana. Mwishoni mwili unafanya wenyewe na akili inabaki huru kutazama mambo mengine. Sehemu za ndani za ubongo, pamoja na ule ubongo mdogo ulio kisogoni, ndizo zinazoshika kazi hiyo. Na usingizi unasaidia. Mtoto akifanya zoezi jioni kisha alale vizuri, ubongo unaendelea kulipanga usiku. Kwa hiyo dakika 15 siku nne kwa wiki zinamfaa kuliko saa nzima ya Jumapili peke yake.

Hofu ndiyo inayofanya jambo hili liwe la maana. Mtu akiogopa, moyo unakimbia na misuli inakaza, na ile hekima aliyoambiwa mdomoni inapotea. Mkweaji asiyezoea akiogopa anashika kwa nguvu kupita inavyotakiwa. Mikono ya mbele inajaa, inauma, vidole vinafunguka. Miguu ndiyo yenye misuli mikubwa, hiyo inayotubeba tukitoka mjini na mizigo, lakini mwoga anaisahau miguu. Ndiyo sababu wakufunzi wanaanza na miguu, tena chini, mahali ambapo hofu haipo.

Basi sikiliza tulivyofanya nyumbani, labda itakufaa na wewe.

Nyuma ya nyumba tuna ukuta mfupi wa mawe ya kuchonga unaozuia udongo usiporomoke. Umejengwa kwa saruji, na chini yake kuna nyasi. Nilitembea pale kwanza mimi mwenyewe, nikaokota vipande vya chupa na misumari, nikasukuma kila jiwe kuona kama linacheza. Kuta za maboma yetu mengi zimepandwa vioo juu, hizo usimruhusu mtoto hata kuzigusa. Ukuta wa mawe yaliyopangwa tu bila saruji pia usiguswe. Sheria yetu ilikuwa kwamba miguu isipite urefu wa magoti yangu kutoka ardhini, na aende kwa upande, asiende juu.

Wiki mbili za kwanza alikuwa na zoezi moja peke yake, mguu usiopiga kelele. Anaweka ncha ya kiatu, upande wa kidole gumba, polepole, na anautazama mguu mpaka umekaa. Nikisikia mkwaruzo, anarudia hatua hiyo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikichambua mboga, nikisikiliza kwa masikio tu. Ilikuwa raha, kwa sababu mtoto aliyekuwa ananipandisha presha sasa alikuwa mbele yangu, kimya, na mimi nina la kufanya.

Baadaye tuliongeza mkono. Mkono ukae umenyooka, usikunjwe kila wakati, kwa sababu mkono uliokunjwa unachoka haraka. Kiuno kikae karibu na ukuta. Anayepanda ni mguu kwa kusukuma, mkono unazuia tu asianguke nyuma. Na viungo vitatu viwe vimeshika kila mara: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, ndipo cha nne kiondoke. Hili hata kwenye mti linafaa, hata kwenye ngazi ya kupanda juu ya tangi la maji.

Halafu kushuka. Mama, watoto wengi wanajua kupanda, hawajui kushuka. Wanafika juu, wanatazama chini, wanaruka. Kushuka ni kugumu zaidi kwa sababu mguu unatafuta mahali usipopaona. Kila alipofika mwisho wa ukuta nilimtaka ashuke hatua kwa hatua, nyuma nyuma, bila kuruka, hata kama ni urefu wa sentimita 40 tu. Alilalamika sana kwa hilo. Mwanzoni nilimwonea huruma, baadaye nikaacha.

Akichoka, tunaacha. Hapa wazazi wengi wanakosea wakidhani kuendelea ndiyo bidii. Mwili hauchagui, unashika kizuri na kibaya sawasawa. Mtoto aliyechoka anaanza kuparua na kujivuta, na ukimwacha aendelee, anajizoeza kuparua.

Utajuaje kwamba mwili umeshika? Mpe akili kazi nyingine. Mimi nilimwuliza hesabu. Akiwa katikati ya ukuta namwambia, "Saba mara nane?" Mwezi wa kwanza alisimama kabisa ili ajibu, au alijibu na mguu ukateleza. Mwezi wa tatu alijibu "Hamsini na sita" na mguu ukakaa kimya kama paka. Hapo nikajua. Na hesabu zake za kuzidisha zikawa nzuri pia, jambo ambalo mwalimu wake alinishukuru bila kujua limetoka wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya niandike mazungumzo haya. Mazoea yana hatari yake.

Yuko mwanamke Mmarekani aitwaye Lynn Hill, mmoja wa wakweaji hodari zaidi waliowahi kuishi. Mwaka 1989 alikuwa akikwea mahali paitwapo Buoux, Ufaransa. Alipitisha kamba kwenye mshipi wake, lakini kabla hajamaliza kufunga fundo aliacha akashughulika na viatu, wakati huo akizungumza. Kisha akakwea, kwa njia ambayo kwake ilikuwa rahisi. Alipofika juu akaegemea kamba ili ateremshwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpunguzia kishindo, akapona. Mwanamke huyo alikuwa amefunga fundo hilo mara maelfu. Mikono yake ilijua kabisa, na kwa sababu ilijua, akili haikuwa pale kuona kwamba safari hii kazi haikumalizika.

Nami yangu nitakuambia. Miaka yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilinyoosha mkono kwenye trei nikachukua chupa ya dawa kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi. Chupa mbili zilikuwa zimekaa karibu, zinafanana. Nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye sindano. Sista mkubwa aliyekuwa karibu akasema, "Dada, soma kwa sauti." Nikasoma. Haikuwa dawa ya mgonjwa yule. Miguu yangu iliisha nguvu. Sindano yenyewe ningeidunga vizuri kabisa, maana mkono ulikuwa hodari, na dawa ingekuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo katika kukwea, mwendo uachie mwili, lakini ukaguzi usiuachie mwili. Ukaguzi unafanywa kwa macho, kwa kidole na kwa sauti, na wawili. Mkweaji anamkagua mshika kamba, mshika kamba anamkagua mkweaji, kila safari, hata kama wamepanda pamoja tangu asubuhi. Wanatazama kama mshipi umefungwa sawa kiunoni, kama fundo limekamilika, kama ile pete ya chuma ya mshika kamba imefungwa na haifunguki, na kama kofia ngumu imekaa kichwani. Ukimpeleka mtoto mahali popote pa kukwea, simama uone kama wanafanya hivi. Wasipofanya, mrudishe mtoto nyumbani, pesa uliyolipa iache iende.

Nataka pia uangalie vidole. Mtoto wa kati ya miaka 12 na 16 mifupa yake bado inakua, na katika vidole kuna sehemu laini ambazo ndizo za kukulia. Zikibanwa mno kwa kuning'inia kwa ncha za vidole zinaweza kupasuka. Akilalamika kwamba kiungo cha katikati cha kidole kinamuuma kwa siku kadhaa au kimevimba, apumzike kabisa na apelekwe hospitali apigwe picha. Usimkande. Kuning'inia kwenye kizingiti cha mlango kwa vidole, ambako vijana wanaona kwenye simu, kungoje awe mtu mzima. Na ale ashibe: githeri, mboga, maziwa, yai likipatikana. Wapo vijana wanaojinyima chakula wakidhani wepesi utawasaidia kupanda. Mifupa inayokua haijengwi kwa njaa.

Na akianguka licha ya yote? Usimnyanyue haraka kumsimamisha, kama tunavyopenda kufanya. Mwache alale, zungumza naye. Akisema shingo au mgongo unauma, au hahisi miguu, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kumbeba akiwa amenyooka juu ya ubao, kichwa kimeshikwa. Mkono ukivunjika, ushikize kama ulivyo kwa boksi la karatasi ngumu au gazeti lililokunjwa, uning'inize kwa leso shingoni, uende hospitali. Usiuvute na usimpeleke kukandwa. Akiwa amegonga kichwa, mtazame hadi siku ya pili. Akitapika tena na tena, akilala na kuwa mgumu kuamka, akishikwa na kifafa, akitoka damu au maji masikioni au puani, au maneno yake yakichanganyika, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usimpe chakula wala chai njiani.

Neno moja kwa watakaokwenda Hell's Gate: ulizeni hali ya mvua. Ule mnara uko kwenye uwanda wazi, lakini korongo la Njorowa, lililo ndani zaidi, hujaa maji ghafla mvua ikinyesha mbali. Mwaka 2012 na mwaka 2019 watu walisombwa humo wakafa. Msishuke kwenye korongo wakati wa mvua.

Tulirudi kwenye mnara likizo ya Aprili iliyofuata. Katika miezi hiyo kijana alikuwa amejifunza pia lile fundo la nane, akilifunga kwenye mguu wa meza kila jioni kabla ya kula, mpaka nikachoka kuona meza imefungwa kamba. Fundo hilo likikamilika, kamba inakwenda mbilimbili, na ukihesabu utapata jozi tano. Mimi pia nilijifunza kuhesabu, ingawa kufunga bado nakosea.

Alipovaa mshipi akafunga, mwongozaji akaja akalikagua, akaridhika. Nilidhani ataanza. Alisimama akanigeukia. "Mama, hesabu." Watu walikuwa wakitutazama, na pimbi nao. Nikaweka kidole kwenye kamba nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ndipo akaligeukia jiwe.

Nilisimama chini shingo imenipinda. Katikati ya mwamba upepo ulivuma, akasimama kitambo, akanyoosha mkono mmoja, akautikisa, akanyoosha wa pili. Nilitega sikio. Sikusikia mkwaruzo.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya minyoo na maji ya kunywa. Mwenye swali anaweza kuniuliza kliniki siku ya Jumanne, au anisimamishe tu njiani kama mnavyofanya. Kwaherini.